Bustani ya mtaa Dodoma: maneno ya watu na ukweli wa ardhi

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wanapotoka kufanya usafi, kikundi chetu hushika toroli, sururu na madumu na kwenda kwenye eneo la wazi lililo nyuma ya ofisi ya mtaa. Miaka minne iliyopita palikuwa vumbi tupu na njia tatu za mkato. Leo pana kivuli cha kuwatosha wazee kucheza bao. Katika muda wote huo tumepewa ushauri mwingi kuliko maji. Mwingine ulitusaidia, mwingine ulituulia miche, na huo wa pili ndio ninaoueleza hapa.

"Dodoma ni jangwa, mtajichosha bure"

Maneno haya huanza Agosti, upepo unapovuma na kila dirisha kufungwa. Lakini Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na kwa kawaida jangwa huhesabiwa pale ambapo mvua haifiki milimita 250. London, mji unaosifika kwa manyunyu, hupata karibu 600. Wenzetu hunyunyiziwa mwaka mzima. Sisi tunamwagiwa karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha ndiyo basi hadi mwisho wa mwaka, jua na upepo vikinyonya kilichobaki.

Kwa hiyo cha kuuliza ni mvua yetu inakwenda wapi. Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 30 juu ya kiwanja cha mita za mraba 1,000 ni lita 30,000, yaani madumu 1,500 ya lita ishirini. Tulikuwa tunayatazama yakikimbilia mtaroni yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, halafu Juni tunachanga hela ya kununua maji! Siku hizi kila mti una tuta la nusu mwezi, upande wake ulio wazi ukitazama juu mteremko unakotokea, ili maji yasimame hapo na kuzama.

"Miti ipandwe Siku ya Kupanda Miti"

Siku hiyo kitaifa ni 1 Aprili. Kwa watu wa Pwani, Arusha na Kilimanjaro ni sawa kabisa, maana masika ndiyo kwanza yanachanganya. Kwetu wakati huo mvua zinafunga mizigo. Mche wa Aprili hupata wiki mbili tatu za unyevu, kisha unakutana na kiangazi kabla mizizi haijashika. Sisi hupanda Desemba au Januari, baada ya mvua mbili tatu za maana, ukichimba ukakuta udongo umelowa hadi kina cha mkono. Aprili tunapalilia na kutandaza majani. Mgeni rasmi akija tunampa jembe la palizi, na picha inatoka vilevile.

"Bustani safi ni iliyofagiliwa"

Hapa ndipo tulipogombana na majirani, na kusema kweli tuligombana na malezi yetu wenyewe. Wengi wetu tumekuzwa tukijua kwamba uwanja safi ni ule wenye alama za fagio asubuhi. Mwaka wa kwanza tulifagia mpaka chini ya miti, tukarundika majani, tukachoma moto. Palipendeza. Mvua kubwa ya kwanza ikaupiga ule udongo mtupu hadi ukafunga gamba juu, na maji yakawa yanateleza kama yako kwenye sakafu.

Majani yaliyodondoka ni matandazo. Huukinga udongo na jua, huvunja nguvu ya matone, na polepole huoza yakarudi kuwa mbolea. Kuyachoma ni kuchoma samadi uliyoletewa bure. Tulichokubaliana ni kwamba njia na chini ya mabenchi panafagiliwa kila wiki, chini ya miti majani yanabaki, unene wa vidole vinne, ila yasiguse shina. Acha nafasi ya kiganja kulizunguka, la sivyo gome linakaa na unyevu muda wote na mchwa wanapata pa kujificha.

"Na nyoka je?" Swali hili huulizwa na kina mama wenye watoto wadogo, na si la kudharau. Nyoka hupenda marundo, mashimo na matofali yaliyoachwa miaka, kwa sababu humo ndimo walimo panya. Tandiko jembamba la majani halimfichi vizuri, rundo la takataka linamficha. Fagio basi lielekezwe kwenye plastiki. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini chupa na vifungashio bado tunavizoa kwa toroli.

"Paka chokaa, mchwa hawatakuja"

Chokaa hukinga gome changa lisiunguzwe na jua, na usiku huonyesha mti ulipo. Mchwa wanatokea chini, kwenye mizizi, ambako hakuna aliyepaka kitu.

"Maji kidogo kila siku"

Kikombe cha kila jioni hulowesha juu tu, na mizizi hubaki juu ikisubiri kikombe kingine. Siku mliyosafiri msibani, mti umekwenda. Dumu moja la lita 20 kwa wiki, likitiririka taratibu kupitia chupa iliyotobolewa na kuzikwa nusu, huivuta mizizi kwenda chini.

"Huu umekufa, ng'oa"

Oktoba tuling'oa mibuyu michanga iliyokuwa imebaki vijiti. Mizizi yake ilitoka minene kama karoti, mibichi, imejaa maji. Tulisimama pale hakuna aliyesema kitu. Mbuyu hupukutisha majani kiangazi ili kubana matumizi, na miti mingi ya asili ya kwetu hufanya hivyo. Siku hizi hakuna kung'oa kabla ya kukwaruza gome kwa ukucha: ukiona kijani, mti uko hai, uache mpaka Januari.

Tena kwenye pembe ya kiwanja kulikuwa na visiki vya mikungugu vilivyokatwa mkaa zamani. Kila mwaka vilichipua na kila mwaka mbuzi walivila, nasi tukavichukulia kama vichaka tu. Vijijini Dodoma mbinu yake inaitwa kisiki hai: unachagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, unakata mengine, unafunga kitambaa ili watu wajue yanatunzwa. Mizizi ya zamani iko chini tayari, haikusubiri dumu la mtu. Kile kivuli cha wazee wa bao ni cha visiki hivyo. Hatukukipanda sisi.

"Wanalipwa hao, au wanataka kumega eneo"

Siwalaumu wanaosema hivi. Viwanja vya mji huu vina historia ndefu, tangu Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilipoundwa mwaka 1973 hadi ilipovunjwa 2017 na kazi zake kuhamia halmashauri, na watu hawajasahau migogoro. Ila kisheria, kumwagilia mti hakumpi mtu hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na eneo la wazi limepangiwa matumizi hayo kwenye mchoro wa mipangomiji. Ndiyo maana kabla ya jembe la kwanza tulipita kwenye mkutano wa mtaa, tukaandikiwa muhtasari, tukapata barua ya mtendaji. Vikundi vinavyoruka hatua hiyo hujikuta vimepanda mti juu ya bomba la maji, au mahali palipochorwa barabara.

Posho haipo. Kipo kimchango cha mwezi, na daftari lake liko ofisi ya mtaa kwa anayetaka kulisoma. Anayelisoma zaidi ni baba mmoja mwenye mbuzi wanne. Hajapata kosa bado. Mbuzi wake ndio wanaotupa kazi, kwa hiyo kila Mei tunalirudia boma la miiba.