Selimundu: chembe nyekundu inapogombana na jirani zake

Mwanangu ana selimundu, ugonjwa wa damu unaofanya chembe nyekundu zijipinde kama mundu. Je, ni kweli shida yote ni umbo la chembe?

Hapana, mama. Chembe nyekundu nzima ni pana kuliko mishipa midogo kabisa inamopita, lakini ni laini; hujikunja, ikapenya, ikaenda zake. Ya selimundu ikishatoa oksijeni, himoglobini yake, ile protini inayobeba oksijeni, hujisuka nyuzi ngumu na chembe inakakamaa. Baya zaidi, inanata. Ndani ya mshipa kuna seli zilizotandikwa kama jamvi, na chembe hii hung'ang'ania hapo badala ya kuteleza.

Mbona maumivu huja akiwa na homa ya mapafu au maambukizi mengine?

Kwa sababu mwili ukipambana na vijidudu, seli nyeupe huongezeka na jamvi lile huota vishikizo. Seli nyeupe hukwama ukutani, kisha chembe nyekundu zinazopita hunasa juu yake, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, nazo zinajiunga. Njia inaziba. Upungufu wa maji hukoleza himoglobini, baridi hubana mishipa. Ndiyo maana tunasisitiza anywe maji na avae sweta.

Alipokuwa na miezi minane mikono na miguu ilivimba. Jirani alisema karogwa.

Hakuna aliyemroga. Ni mishipa ya mifupa midogo ya vidole iliyoziba. Mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza, kwa sababu himoglobini ya uchanga iliyokuwa ikimkinga huanza kupungua mnamo miezi sita. Inaniuma kila nikisikia mtoto amezungushwa kwa waganga kabla ya kupimwa damu.

Kwa nini kliniki walinifundisha kumpapasa tumbo?

Wanakuonyesha bandama. Humo seli walaji hukagua kila chembe nyekundu: iliyozeeka, baada ya siku 120 hivi, humezwa na chuma chake hurudi kutengeneza nyingine. Chembe mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Wakati mwingine hunasa humo kwa wingi, na damu ya mtoto ikajaa bandamani kwa saa chache.

Mlaze chali, magoti yakunjwe kidogo. Vidole vilale bapa, anzia chini karibu na kitovu, panda polepole kuelekea mbavu za kushoto. Ukigusa ukingo mgumu ulioshuka kuliko jana, ukafunua kope na kuona ndani kumepauka, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mkwamo huu ukijirudia, bandama huharibika na kinga hupungua. Kwa hiyo usiruke penisilini ya asubuhi na jioni, angalau hadi atimize miaka mitano.

Nimesikia haidroksiurea ni dawa ya saratani. Nimpe kweli?

Hutumika huko pia, ila kwa selimundu kazi yake ni nyingine: huamsha upya himoglobini ya uchanga, hupunguza seli nyeupe na kufanya chembe nyekundu zisinate sana. Mpe kama ulivyoelekezwa, wala usiache akipata nafuu. Na tarehe ya kupima damu usiikose, maana daktari anataka seli nyeupe zipungue, zisishuke mno akakosa askari.