Kiitaliano hakidai «io» mwanzoni mwa kila sentensi
Dhana inayonichosha kuliko zote, na ambayo kila kundi jipya la wanafunzi huingia nayo darasani, ni kwamba sentensi ya Kiitaliano haikamiliki mpaka itanguliwe na kiwakilishi cha nafsi: io (mimi), tu (wewe), lui (yeye wa kiume), lei (yeye wa kike), noi (sisi), voi (ninyi) au loro (wao). Ukweli ni kwamba nafsi imekwisha kubebwa na kiishio cha kitenzi. Katika parlare, yaani kusema, parlo ni mimi, parli ni wewe, parlano ni wao, na kiwakilishi hukaa nje mpaka kipate kazi. Linaloudhi ni kuwa wanaoshikilia dhana hii wamekua wakisema «ninakula» bila «mimi», lakini kwa kuwa walijifunza Kiitaliano kupitia vitabu vya Kiingereza, huandika Io mangio bila kusita. Mwanafunzi akisimulia asubuhi yake, Io mi sveglio alle sei, io bevo il caffè, io vado al lavoro, Mwitaliano humsikia kama mtu anayesema «mimi naamka saa kumi na mbili, mimi nakunywa kahawa, mimi nakwenda kazini», na hujiuliza ni nani aliyembishia.

Kazi ya kiwakilishi ni kulinganisha au kutia mkazo: Io cucino, tu lavi i piatti (mimi napika, wewe unaosha vyombo). Mara nyingi mkazo hukipeleka nyuma ya kitenzi, ndiyo maana anayeidaka bili mgahawani husema Pago io (nalipa mimi). Kwa hiyo nawasihi, na nitaendelea kuwasihi: andika aya yako, kata viwakilishi vyote kwa kalamu nyekundu, kisha rudisha vile tu ambavyo maana haisimami bila yavyo.

Wengine, wakishaelewa hayo, huvitupa vyote. Hilo nalo ni kosa, kwani anche io (mimi pia) haiwezekani bila io, na katika congiuntivo, yaani hali ya kitenzi inayotumika kwa shaka au matakwa, ya wakati uliopo umbo parli hutumika kwa nafsi zote tatu za umoja, hivyo che tu parli (kwamba wewe useme) huhitaji kiwakilishi chake.

Lei ya heshima, yaani «wewe» ya kumwambia mtu usiyemzoea, haiwahusu wanawake peke yao. Hata mwanamume huambiwa Lei, pamoja na kitenzi cha nafsi ya tatu umoja. Utawala wa Mussolini, dikteta wa Italia, uliipiga vita mwaka 1938 ukitaka watu watumie voi, lakini Lei ndiyo iliyoshinda, ingawa voi ya heshima bado husikika kusini.

Piove (mvua inanyesha) haina kiwakilishi chochote, basi msikitafute. Na wanaokariri egli na ella (yeye wa kiume na yeye wa kike) kwa ajili ya mazungumzo waviachie maandishi rasmi, kwa kuwa mtaani ni lui na lei.