Sekunde 4 za Korido Tupu

Kazi yangu ni kuhariri filamu fupi, na nyingi zinazonifikia ni za wanafunzi. Mmoja wao, kijana wa mwaka wa pili, alikuja na filamu ya kutisha ya dakika 11. Mzimu alitokea dakika ya 2, uso wote hadharani, damu tele. Dakika 9 zilizobaki zilikuwa za mtu kukimbia tu. Katikati ya mbio hizo niliona shoti ya korido tupu, imekatwa baada ya sekunde moja na nusu. Nikamwomba tuirefushe.

"Lakini kaka, hapo hakuna kinachotokea."

Niliivuta hadi sekunde 4, nikaondoa muziki, tukaitazama tena. Yeye aliyeshika kamera siku ile, anayejua fika kwamba korido haina kitu, alirudi nyuma na kiti chake.

Filamu yake ilianza pale. Tulipomaliza ilikuwa na dakika 4. Imepokelewa kwenye tamasha moja la wanafunzi, kisha jingine, na sasa anapigiwa simu na watu asiowajua. Wenzake wananiuliza alitumia kamera gani. Ilikuwa kamera ya kawaida kabisa, na swali hilo linawapoteza.

Hofu kwenye skrini hujengwa kwa muda. Filamu huenda fremu 24 kwa sekunde, yaani picha mgando 24, kwa hiyo sekunde 4 ni fremu 96, na katika fremu zote hizo jicho la mtazamaji halitulii. Linapekua pembe zenye giza, mlango ulioachwa wazi, nafasi iliyo nyuma ya bega la mwigizaji. Mtazamaji anajitafutia mwenyewe kitu cha kumtisha. Ukikata mapema, umempokonya kazi hiyo. Ukichelewa mno anachoka, na ukuta unageuka kuwa ukuta tu. Mpaka kati ya hayo mawili ni wa fremu chache, nami sijapata njia ya kuupima zaidi ya kuketi na watu wasioijua filamu na kutazama mabega yao, siyo skrini.

Sauti nayo naipa zaidi ya nusu ya kazi. Kila chumba kina sauti yake hata kikiwa kitupu. Kabla hamjafungasha vifaa, kila mtu anyamaze, mrekodi ukimya wa chumba hicho kwa dakika nzima. Wanafunzi huona wanapoteza muda. Lakini ukimya huo ndio unaotandikwa chini ya tukio lote, na ukiuondoa ghafla mtazamaji huhisi hewa imebadilika bila kujua sababu. Mwaka 2022 Kane Parsons, akiwa na miaka 16, aliweka YouTube filamu yake fupi ya The Backrooms: vyumba vya manjano visivyo na mwisho, vilivyojengwa ndani ya kompyuta kwa Blender, programu ya bure. Mimi kinachonikaa kichwani ni mlio wa taa za tyubu. Muda mrefu hakuna kingine cha maana kinachosikika, na tayari unatamani mtu aliyenaswa humo na kamera yake atoke.

Halafu kuna sharti, yaani kanuni inayoamua hofu inakuja lini. Filamu fupi ya kutisha huhitaji moja tu. Mwaka 2013 David F. Sandberg wa Sweden alipiga Lights Out nyumbani kwake, mkewe Lotta Losten akiigiza, chini ya dakika 3: taa ikizimwa kiumbe yupo, ikiwashwa hayupo. Mtoto anaweza kukusimulia hilo kwa pumzi moja, na tangu hapo swichi ya kawaida ya ukutani inatosha kukutisha. Wanafunzi wengi hufanya kinyume. Wanabana filamu ndefu iingie dakika 10: laana ya ukoo, kitabu cha kale, kifo cha dada, mganga. James Wan na Leigh Whannell, waliokutana wakisoma Melbourne, walikuwa na muswada mzima wa Saw, filamu ndefu ya kutisha, lakini walichokipiga mwaka 2003 ni tukio moja kutoka ndani yake. Tukio hilo likawapatia fedha za filamu nzima, iliyotoka mwaka 2004.

Simu anazopigiwa kijana wangu zinanipa furaha, na wasiwasi pia. Wanaopiga wanataka hadithi ileile iwe ya dakika 90. Sharti la dakika 4 haliwezi kubeba dakika 90, hata ukiongeza korido mia. Lights Out ilipotengenezwa kuwa filamu ndefu, mwaka 2016, kiumbe yule alipewa familia ya kuitesa: mama mgonjwa wa akili, na watoto wanaojaribu kumnusuru. Kuzima taa kukawa na gharama kwa mtu tunayemjali.

Wiki iliyopita alikuja na kurasa za mwanzo za muswada wake mrefu. Mzimu amerudi ukurasa wa kwanza, uso wote hadharani. Sikumgusia mzimu. Nilimuuliza msichana wa hadithi yake anaogopa nini siku ambayo mzimu bado hajafika. Alikaa kimya kwa muda, akakunja kurasa zake, akaniomba wiki mbili.