Saratani ya ini: yanayosemwa mitaani na yanayoonekana kwenye picha

"Saratani ya ini ni ya walevi." Pombe imo, ila Dodoma, Kondoa hadi Kongwa watuhumiwa wakubwa ni homa ya ini B na sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, na vikikutana kwa mtu mmoja hatari huzidi maradufu. Kupika ugali hakuiondoi sumukuvu. Vifo vya sumukuvu vya mwaka 2016 Dodoma na Manyara vilitokana na dozi kubwa ya muda mfupi. Saratani huletwa na dozi ndogondogo za miaka.

"Ultrasaundi imeona uvimbe, basi ni saratani." La. Hemanjioma, fundo la mishipa ya damu lisilo na madhara, ni la kawaida sana.

"CT (picha za eksirei za vipande vya mwili) ni CT, picha moja yatosha." Kosa hili ndilo linalogharimu zaidi. Robo tatu ya damu ya ini huja na mshipa wa lango kutoka matumboni, robo huja na ateri. Saratani ya seli za ini, iliyo ya kawaida kuliko zote, hunywa hasa kwenye ateri. Kwa hiyo kontrasti, dawa ya kung'arisha picha, ikidungwa mshipani, uvimbe hung'aa mapema, karibu sekunde ya 35, ini likiwa bado limefifia. Kuanzia sekunde ya 70 hadi dakika ya 3 mambo hugeuka: ini linang'aa, uvimbe unafifia. Ukipiga sekunde ya 70 tu, uvimbe unaweza kulingana na ini ukapotea machoni. Fomu isiandikwe "CT ya tumbo" pekee. Iandikwe "ini, awamu tatu", yaani picha ya ateri, ya mshipa wa lango na ya kuchelewa. Kanula, mrija wa kudungia dawa mshipani, nayo iwe ya kijani au waridi, kwenye kiwiko. Ile ya bluu, iliyo nyembamba zaidi, ya kiganjani haipitishi mililita 3 hadi 5 kwa sekunde kwa uhakika, na awamu ya ateri huharibika.

Saratani ya mirija ya nyongo hufanya kinyume: pete hung'aa kingoni kwanza, katikati hujaa polepole kwa kuwa pamejaa nyuzi za kovu, na ini juu yake hubonyea. Fibrolamela, aina adimu ya saratani ya ini, huwapata vijana wenye ini lisilo na sirosisi (makovu yaliyoenea). Ina kovu la katikati, mara nyingi lenye chokaa, na darubini huonyesha seli kubwa za waridi kati ya nyuzi zilizopangwa sambamba.

"AFP (protini ya damu inayopimwa kutafuta saratani ya ini) ni ya kawaida, uko salama." Wenye saratani ya seli za ini ambao AFP yao ni ya kawaida si wachache. Fibrolamela ndiyo zaidi.

"Lazima kinyama (kipande cha uvimbe kitolewe kwa sindano)." Mtu mzima mwenye sirosisi au homa ya ini B sugu, uvimbe wa sentimita 2 na dalili zote mbili za CT, kung'aa mapema na kufifia baadaye, hahitaji. Kijana asiye na hayo anahitaji. Sindano kusambaza saratani hutokea, ila kwa nadra. Cha kuogopa zaidi ni kutoka damu, hivyo INR (kipimo cha kuganda kwa damu) na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zipimwe kwanza. Kinyama kitumbukizwe papo hapo kwenye fomalini ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wake. Kikisafirishwa ndani ya maji ya chumvi kutoka wilayani, seli huoza njiani, na hakuna darubini itakayotofautisha aina hizo.