Mchambuzi ni nani, na kuchambua ni kufanya nini

Juma lililopita kijana wa zamu ya usiku katika ofisi yetu hapa Dodoma alinikabidhi taarifa yake, na katika safu yenye kichwa "Uchambuzi" alikuwa ameandika sentensi moja tu: "Tahadhari zote zimefungwa," yaani maonyo yote yaliyotolewa na programu za usalama yameshamalizwa kushughulikiwa. Siku mbili baadaye, kwenye kikao cha harusi ya jirani huku Nkuhungu, mwenyekiti alinitambulisha kuwa ni mlinzi wa mtandao wa benki. Mjumbe mmoja alipomsahihisha kwamba mimi ni mchambuzi, mzee aliyeketi pembeni yangu aliniuliza mechi ya Jumamosi nimeionaje. Nimelisikia neno hili likipelekwa kusikostahili kwa miaka mingi, na naona ni wakati wa kulieleza.

Mchambuzi mwandamizi wa usalama wa mtandao katika benki ni mtumishi anayesoma kumbukumbu ambazo mifumo ya benki hujiandikia yenyewe, yaani nani ameingia, saa ngapi, kwa kompyuta ipi na amefanya nini, kisha akatenga lililo la kawaida na lisilo la kawaida, na akaeleza lile lisilo la kawaida lina maana gani na lishughulikiwe vipi. Maana ni hiyo. Kinachonisumbua ni kitenzi kilichozaa jina hilo, kwa sababu watu wamekisahau.

Kuchambua ni kazi ya mikono kabla ya kuwa kazi ya kichwa. Pamba huchambuliwa ili kuondoa mbegu na takataka. Kule Pemba karafuu zikishachumwa huchambuliwa, ikatengwa karafuu na makonyo yake. Hapa Ugogo mboga haiingii chunguni kabla ya kuchambuliwa, jani moja moja, bua likawekwa kando na nyasi iliyochumwa kwa bahati mbaya ikatupwa. Ndipo neno likapanda kutoka kwenye ungo hadi kwenye mazungumzo, tukaanza kuchambua kauli, shairi, bajeti na mchezo wa mpira. Mchambuzi ametokana na kuchambua kama mnunuzi alivyotokana na kununua. Redioni siku hizi jina hilo limekaa sana kwa watoa maoni ya soka, na sina ugomvi nao, lakini limezoesha masikio yetu kudhani kwamba kuchambua ni kusema, ilhali asili yake ni kutenga.

Na si kila kutenga ni kuchambua. Akina mama wanaoandaa karanga wana vitenzi vitatu ambavyo hawavichanganyi hata siku moja. Wanapepeta, upepo ukachukua maganda kwa kuwa ni mepesi. Wanachekecha, mchanga ukapita kwenye matundu kwa kuwa ni mdogo. Mwisho wanaketi na ungo mapajani na kuchambua, kwa sababu punje iliyoota ukungu ndani inaweza kuwa na ukubwa uleule na uzito unaokaribiana na punje nzima, hivyo upepo hauibebi wala chekeche haliizuii. Inahitaji jicho, na wakati mwingine inahitaji kupasuliwa. Mkoa huu unaijua gharama ya punje mbovu, kwani mwaka 2016 tulizika watu Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi.

Katika benki, kupepeta na kuchekecha hufanywa na programu. Mtu akikosea nywila, yaani neno lake la siri, mara nyingi mfululizo, programu inamzuia; barua pepe ikibeba kirusi kinachojulikana, programu inaitupa; muamala ukivuka kiwango kilichowekwa, programu inatoa tahadhari. Kazi hiyo mashine inaifanya vizuri kuliko binadamu yeyote, na hailali. Lakini mwizi aliyepata nywila ya kweli ya mtumishi wa kweli ana ukubwa uleule na uzito uleule wa mtumishi huyo, na chekeche litampitisha. Hapo ndipo kuchambua kunapoanza.

Wakati mmoja nilisoma ingizo la mtumishi wa tawi saa mbili na dakika chache asubuhi, nywila sahihi, kompyuta ya benki, saa ya kazi. Programu haikuwa na neno juu yake. Kilichonisimamisha ni kwamba siku iliyotangulia nilikuwa nimeiona orodha ya likizo, na jina lake lilikuwamo. Nilimpigia simu, akapokea akiwa shambani kwao Singida. Niliendelea kuuliza hadi ikajulikana kwamba mwenzake alikuwa ametumia nywila yake ili kuhudumia foleni ya wateja iliyokuwa imefika mlangoni. Hapakuwa na wizi, bali kosa la kikazi ambalo lingeweza kuwa mlango wa wizi, na taarifa niliyoandika ilisema hivyo hivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Kuchambua hakumaanishi kutafuta mkosaji. Ni kulitazama jambo hadi ujue ni nini.

Yule mzee wa Nkuhungu nilimweleza habari ya karanga, naye akaniuliza zile mbovu tunazitupa wapi. Lilikuwa swali la msingi sana. Hatuzitupi. Zinahifadhiwa jinsi zilivyokutwa, pamoja na saa na mahali, na kukabidhiwa kwa wanaohusika na hatua inayofuata, kwa sababu tangu ipitishwe Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, jambo lile lile linaweza kuishia mahakamani.

Gharama ya kutochambua inaonekana wazi katika mkasa wa Benki Kuu ya Bangladesh. Mwezi Februari 2016 wezi waliingia katika mifumo yake na kutuma maagizo 35 ya kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka akaunti yake iliyoko New York. Printa iliyokuwa ikichapa kumbukumbu za miamala hiyo ilikutwa haifanyi kazi, na watumishi wakaichukulia kuwa ni hitilafu ya kawaida ya printa. Kwa kweli ilikuwa imenyamazishwa na wezi. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Nyingine milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka zilirudishwa baada ya jina la mpokeaji kuonekana limekosewa herufi na benki iliyokuwa ikipitisha fedha hizo kuuliza. Printa ilikuwa mbele ya macho ya watu na haikuchambuliwa. Neno moja lenye herufi mbovu lilichambuliwa, likaokoa milioni 20.

Neno "mwandamizi" nalo lisichukuliwe kuwa ni bosi. Katika muundo wa utumishi wa umma, ambao wengi hapa makao makuu wanaujua kwa barua zao za kupandishwa cheo, afisa mwandamizi yuko juu ya afisa daraja la kwanza na chini ya afisa mkuu. Jina lenyewe lina kitenzi kuandama, yaani kufuata. Mimi sina idara ninayoiongoza. Tahadhari ambayo mwenzangu wa daraja la chini hakuifikisha mwisho huletwa kwangu, nami huifuata hadi inakoishia.

Nikirudi kwa kijana wa zamu, sentensi yake sikuifuta, kwa kuwa ilikuwa ya kweli: tahadhari zote zilikuwa zimefungwa. Nilimwomba tu aihamishie katika safu ya "Hali", na katika safu ya "Uchambuzi" aandike, kwa kila tahadhari, aliona nini, alimuuliza nani, na ni kitu gani kilichomridhisha kuwa punje ile ni nzima. Taarifa ya usiku uliofuata ilikuwa na kurasa tatu, na katika ukurasa wa pili palikuwa na tahadhari moja aliyoiacha wazi, akaandika mbele yake: "Hii bado sijaielewa." Nimeanza nayo asubuhi hiyo.