Je, wajua? Mashine pepe ndani ya mashine pepe hutaka ruhusa mbili

Kijana mmoja wa Chikongola, hapa Mtwara, alinipigia simu usiku: "Kaka, nimeruhusu kila kitu, lakini humo ndani /dev/kvm haionekani." Hilo ni faili la KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe. Ameweka Linux kwenye kompyuta yake, juu yake mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa na programu), na ndani ya hiyo anataka kuwasha nyingine ajifunzie kazi za seva bila kununua seva. Kwa nini igome?

Fikiria nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akiruhusu wapangaji wapangishe wenzao, hiyo ni ruhusa ya nyumba nzima. Mkataba wako wewe ukikataza, bado hupangishi. Na mkataba ukiruhusu huku mwenye nyumba hataki, mtagombana mlangoni.

Kwenye KVM, mwenye nyumba ni moduli ya kerneli, yaani kipande cha kiini cha Linux. Soma faili /sys/module/kvm_intel/parameters/nested, au kvm_amd kwa wenye AMD. Ukikuta Y au 1, karuhusu. Tangu Linux 4.20 ya Desemba 2018, upande wa Intel huja umeruhusiwa tayari, kwa hiyo siku hizi mchawi mara nyingi hayupo hapo.

Yuko kwenye mkataba, yaani aina ya prosesa ambayo mashine pepe inaonyeshwa. Ikipewa prosesa ya kuigiza isiyo na vmx, au svm kwa AMD, yaani alama ya uwezo wa kuendesha mashine pepe, inaamini uwezo huo haupo kabisa. Kijana wetu alikwama hapo. Tukaweka host-passthrough, yaani ionyeshwe prosesa halisi ilivyo, tukaizima mashine pepe kabisa. Kuirestati kwa ndani hakutoshi. Ilipowaka, vmx ikaonekana kwenye /proc/cpuinfo.

VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, walipita njia hiyo hiyo. Mfumo wao wa seva, ESXi 5.0 ya 2011, ilikuwa na vhv.allow, swichi moja ya seva nzima. Toleo la 5.1, mwaka 2012, likaleta vhv.enable ya kila mashine. Naona walifanya vyema: kwenye seva ya watu wengi, kwa nini mteja aliyeomba tovuti tu apewe na uwezo wa kuzalisha mashine? Tena kwenye KVM, kugeuza ruhusa ya jumla kunataka uzime mashine pepe zote kwanza ndipo moduli ipakiwe upya. Jaribu kuwaambia hivyo wateja saa nne asubuhi.

Ya kijana iliwaka, taratibu. RAM ni GB 8, inagawanywa mara mbili, na feni ya kompyuta niliisikia hadi kwenye simu.