Je, wajua walijuaje kwamba siprofloksasini haipatani na chai ya maziwa?

Nairobi asubuhi ni chai ya maziwa. Ndiyo maana mhudumu wa duka moja la dawa Kawangware, akimkabidhi mama mmoja vidonge vya siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, alirudia mara mbili: "Mama, meza na maji. Chai ya maziwa ungoje saa mbili zipite."

Mama akamtazama. "Na nyinyi mlijuaje? Mliingia tumboni mkaona?"

Swali zuri sana hilo. Tumboni hawakuingia, walifuata damu.

Kidonge cha miligramu 500 hakifikishi miligramu 500 kwenye damu. Sehemu yake huishia kwenye choo bila kupenya ukuta wa utumbo, nyingine huvunjwa na ini njiani. Siprofloksasini hufika kama asilimia 70; kati ya dawa nyingine za bakteria, doksisaiklini hupita 90, azithromaisini hata 40 haifikishi. Jentamaisini ukiimeza karibu yote hubaki utumboni, ndiyo sababu hudungwa sindano.

Ili kupata asilimia hizo, watu wenye afya waliojitolea hulala bila kula, wakameza kidonge kwa maji. Kisha hutolewa damu kidogo kidogo: baada ya nusu saa, saa moja, saa mbili, hadi dawa ikaribie kuisha. Vipimo vikichorwa hutokea umbo la kilima. Siku nyingine, dawa ya kwanza ikishatoka mwilini, watu wale wale hudungwa kiasi kile kile mshipani, ambako hakuna kinachopotea njiani. Kinacholinganishwa ni eneo lote lililo chini ya kila kilima. Kilele peke yake hakitoshi, kwa kuwa dawa inaweza kupanda haraka na kushuka haraka.

Eneo hilo hupimwa kama shamba lenye mpaka unaofuata mto: unaligawa vipande vya trapeza, unajumlisha. Waliosoma hesabu sekondari hapa Kenya wanaijua kanuni hiyo. Kabla ya kompyuta kuenea, wapo waliokikata kilima kwa mkasi na kuipima karatasi kwenye mizani!

Lakini utajuaje kuna dawa kiasi gani katika tone la damu? Hapa ndipo panaponivutia zaidi. Kwa miaka mingi mizani ilikuwa bakteria wenyewe. Unawapanda kwenye sahani ya jeli, unatoboa vishimo, unatia humo majimaji ya damu ya aliyemeza dawa. Kesho yake sahani imefunikwa na bakteria, ila kuzunguka kila kishimo pana duara tupu walipokufa au kushindwa kukua. Dawa ikiwa nyingi, duara huwa pana. Unalilinganisha na maduara ya dawa ambayo kiasi chake unakijua. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na mashine za kromatografia, ambazo hutenganisha dawa na mabaki yake, yaani vile vitu vinavyobaki mwili ukishaivunja. Bakteria hawawezi kutofautisha iwapo mabaki nayo yanaua.

Sasa turudi kwa chai. Mwaka 1991 watafiti wa Ufini walichapisha matokeo ya watu waliomeza siprofloksasini mara kwa maji, mara kwa maziwa. Kwa maziwa, eneo la kilima lilipungua kwa karibu theluthi moja. Kalsiamu ya maziwa huishika dawa, na zikishikana hazipenyi utumbo kwa urahisi. Theluthi si kidogo: bakteria walionusurika kwa dawa pungufu ndio wanaopata nafasi ya kuwa sugu.

Vilima hivyo hivyo hutumika kukagua dawa za jeneriki, zile za bei nafuu ambazo wengi wetu hununua. Kilima cha jeneriki huwekwa kando ya kile cha dawa ya kwanza, ile ambayo jeneriki inaiiga, na vikitofautiana kupita kiwango kilichowekwa, jeneriki hiyo haihesabiwi kuwa sawa na ile ya kwanza.

Kabla ya kuondoka, mama akauliza tena: mtoto wake anakunywa amoksilini ya maji, naye amnyime maziwa? Hapana. Amoksilini haina shida na maziwa.